Dini ya Marehemu Wameijuaje?

Ndugu wanachama, juma hili hatuandiki juu ya bei ya pamba wala juu ya barabara mbovu. Twaandika juu ya neno moja dogo lililomo katika fomu nyingi za nchi hii, nalo ni neno "Dini", na mbele yake nukta nukta za kujaza. Umekwenda polisi kutoa maelezo, karani anaandika jina, kabila, umri, kazi, kisha anainua macho na kuuliza: dini? Umekwenda mahakamani kuwa shahidi, kabla hujafungua kinywa sharti ijulikane kwamba utashika Msahafu au Biblia, au utathibitisha tu pasipo kitabu. Wengi wetu twajibu kwa neno moja na kuendelea na safari. Na kwa mtu aliye hai, mwenye kinywa chake, madhara si makubwa, maana karani akikosea utamsahihisha.

Madhara huja siku ile mtu asipokuwa na kinywa tena. Hapo ndipo wanapotokea wajuzi wa kumsemea, na ndipo twasema: hapana!

Tumtwae mtu mmoja wa kufikirika, kwa sababu wa kweli wapo wengi na hatutaki kumwaibisha mjane wa mtu. Huyu ni fundi seremala, kwao ni Unyamwezini. Baba yake alimwita Jumanne kwa kuwa alizaliwa siku hiyo. Baba huyo alikuwa amesilimu ukubwani. Mama hakusilimu, alibaki na desturi za kwao mpaka alipofariki. Mtoto akasoma shule ya misheni, akabatizwa, akapata jina la Petro, akaoa kanisani. Akaja Dar es Salaam, akapanga chumba, akafungua karakana, mwisho akajenga nyumba. Kanisani alionekana Krismasi na Pasaka. Miaka yake ya mwisho alikuwa akifunga Ramadhani pamoja na majirani zake, na jioni wakifuturu sinia moja. Na kila mwaka, ndugu zake wa nyumbani walipompelekea habari kwamba kaburi la babu lataka kufanyiwa tambiko, alituma fedha ya mbuzi bila kuuliza swali.

Usicheke, ndugu msomaji. Jiulize kwanza mbuzi wa mwaka jana uliyemchangia alikuwa wa shughuli gani.

Fundi huyu alikuwa wa dini gani? Alipokuwa hai hakuna aliyemsumbua kwa swali hilo. Siku alipokufa, hata maji ya kumwosha hayajachemka, tayari wapo watu wa namna tatu uani. Baba mdogo amefika na basi la usiku, asema mtoto wa Mwislamu ni Mwislamu, na jina lake Jumanne ni ushahidi, tena alikuwa akifunga. Katekista amekuja na daftari la ubatizo kwapani. Na mzee mmoja wa ukoo, asiyesema sana, asema hayo ya misikiti na makanisa ni ya mjini, huyu ni mtu wa ukoo na ukoo ndio utakaomzika na kusimamia vitu vyake. Mjane ameketi ndani kwenye mkeka. Akisema, "Baba mdogo, ndoa yetu ilikuwa ya kanisani, cheti kipo," ajibiwa, "Mkwe, wewe kaa ulie. Mambo haya ni ya wanaume."

Mtu asiyejua atadhani ugomvi huo ni wa roho ya marehemu, iende wapi. Ingekuwa hivyo tungewaachia mashehe na mapadre, maana chama si mahali pa kugawa Pepo. Lakini tazameni sheria zetu za mirathi, kisha mtajua wanagombea nini.

Mtu akifa Tanzania Bara bila wosia, hakuna sheria moja ya kugawa mali yake. Zipo sheria tatu, na ipi itumike yategemea marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Akihesabiwa Mwislamu aliyeishi kwa dini yake, ni sharia ya Kiislamu: mjane mwenye watoto hupata sehemu moja katika nane. Akihesabiwa mtu wa mila, ni kanuni za kimila zilizoandikwa na kutangazwa na Serikali mwaka 1963, na kwa kanuni hizo mjane hana fungu maadamu marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Yeye ni wa kutunzwa na watoto wake. Akihesabiwa Mkristo aliyeachana na maisha ya mila, hutumika sheria iliyotungwa kwa ajili ya India mwaka 1865, ambayo Waingereza walituletea nasi tukaiacha hapa baada yao. Kwa hiyo mjane mwenye watoto hupata theluthi moja.

Sasa hesabu ni rahisi, hata mtoto wa darasa la tano ataifanya. Nyumba ya fundi wetu na tuseme ina thamani ya Sh. 24,000,000. Fundi akiwa Petro, mkewe ana 8,000,000. Akiwa Jumanne wa msikitini, mkewe ana 3,000,000. Akiwa mtu wa ukoo tu, mkewe hana kitu. Ni mwanamke yule yule, aliyepika chakula kile kile na kusukuma randa pamoja na mumewe wakati wa shida. Kilichobadilika ni neno moja kwenye nukta za fomu.

Je, ajabu kwamba watu hupata wivu wa dini ghafula msibani? Yule ndugu ambaye maisha yake yote hakumwuliza marehemu kama amesali, leo ana uchungu wa imani hata machozi yamtoka. Twauliza: uchungu huu ni wa imani au ni wa mabati?

Hatusemi kila baba mdogo ni mwizi. Wapo wenye kuamini kweli kwamba mtoto wao kapotea na yapasa arudishwe, hata akiwa maiti. Hao twawaheshimu. Lakini sheria haiwezi kupima nani alia kwa kweli na nani alia kwa nyumba, basi isiwawekee watu wote chambo.

Na mlango wenyewe wa mahakama hutegemea neno hilo. Mahakama ya Mwanzo, iliyo karibu na mwananchi, husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Mirathi ya Kikristo haimo katika mamlaka yake. Kwa hiyo mjane anaweza kupanga foleni asubuhi nzima, kisha akaambiwa mumewe alikuwa mtu wa mahakama nyingine, na huko nako akakutana na shemeji yake aliyetangulia kuandika vingine.

Wanasheria watatuambia kwamba hatujui, kwamba mahakama haikubali tu neno la yule wa kwanza kufika. Twajua. Majaji wamejiwekea vipimo: hutazama marehemu aliishi maisha ya namna gani, na nia yake ilikuwa ipi kwa maneno na kwa matendo. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ilipata shauri la Mngoni mmoja Mkristo aliyemwoa mwanamke wa Kichagga na kuishi mbali na kwao. Ikaona kwamba alikuwa ameyaacha maisha ya mila, basi mali yake isigawiwe kimila. Hukumu hiyo ilikuwa ya huruma, nasi hatuibezi.

Lakini tazama mjane anatozwa nini ili apate huruma hiyo. Sharti asimame mbele ya watu athibitishe kwamba mumewe alikuwa amewaacha watu wake. Asiseme kwamba walikuwa wakienda kijijini kila mwaka. Asimtaje mbuzi. Na shemeji naye sharti athibitishe kinyume: kwamba kanisa lilikuwa nguo ya kuvaa Jumapili tu, ndani yake alikuwa mtu wa mizimu. Wote wawili wanamkata marehemu vipande, kila mmoja achukue kipande kinachomfaa na kuficha vingine. Aliye karibu na ukweli ni yule atakayesema kwamba alikuwa yote hayo pamoja, na huyo ndiye ambaye sheria haina mahali pa kumwandika.

Hapa ndipo mzizi wa jambo lenyewe. Fomu yetu yadhani kwamba dini ya mtu ni kama kipande cha kodi: unacho au huna, na ukiwa na cha wilaya hii huwezi kuwa na cha wilaya ile. Nani kati yetu yuko hivyo?

Mtazameni Mwalimu Nyerere. Hakuna aliyekuwa na shaka na Ukatoliki wake, na baada ya kufa kwake Kanisa lake limeanza kumchunguza kama astahili kuitwa mtakatifu. Alizaliwa mwaka 1922 katika nyumba ya Chifu wa Wazanaki ambaye hakuwa Mkristo. Alibatizwa mwaka 1943, naye ni mtu mzima, akachukua jina la Julius. Na jina alilopewa utotoni, Kambarage, ni jina la mzimu wa mvua wa watu wake. Aliyabeba majina hayo mawili maisha yake yote, moja baada ya jingine, wala hatukusikia kwamba yaligombana. Je, karani wa mirathi angesoma lipi kwanza?

Na majina ndiyo shahidi mwongo kuliko wote. Katika nchi hii wapo akina Jumanne na Hamisi waliobatizwa utotoni, maana wazazi waliwapa majina ya siku tu. Wapo akina Zuhura wanaoimba kwaya. Zamani za mkoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na njia ya darasani mara nyingi ilipita kwenye maji ya ubatizo. Wapo waliolipokea jina jipya kwa moyo, wapo waliolipokea kama sare ya shule, na wapo walioanza kwa sare wakaishia kwa moyo. Wa nje hawezi kuwatenga. Pengine hata mwenyewe hawezi kukutajia siku moja alipovuka.

Hata hesabu za wataalamu zasema hivyo hivyo. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza dini nchini, na watu waliandikwa karibu mafungu matatu yasiyopishana sana: Wakristo, Waislamu na wa dini za jadi. Katika uchunguzi wa shirika la Pew la Marekani, uliotolewa mwaka 2010, wa jadi walikuwa wamebaki wachache mno, karibu kila mtu alijibu Mkristo au Mwislamu. Basi mila zimekwisha? Katika uchunguzi huo huo zaidi ya nusu ya Watanzania walioulizwa walisema wanaamini kwamba sadaka kwa wahenga au mizimu yaweza kumkinga mtu na madhara. Ni watu wale wale! Hawakudanganya mara ya kwanza wala mara ya pili. Waliulizwa maswali mawili, wakajibu mawili.

Majirani zetu wa Kenya waliionja shubiri hii mbele ya dunia nzima. Wakili S. M. Otieno wa Nairobi alifariki Desemba 1986. Mkewe Wambui, Mkikuyu aliyepigania uhuru wa nchi yake, alitaka kumzika karibu na Nairobi, akisema mumewe aliishi maisha ya Kikristo na ya kisasa, si ya kikabila. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Miezi mitano mwili ukakaa bila kuzikwa huku mawakili wakibishana marehemu alikuwa nani, na magazeti yakiuzwa kama mikate. Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi, akazikwa Nyalgunga, Siaya, na mjane hakuhudhuria. Majaji walimwona Otieno kuwa Mjaluo kwa kuzaliwa, jambo ambalo mtu hawezi kulivua. Pengine hata yeye mwenyewe, angeulizwa, angesema si la kuvuliwa. Lakini mtu kuwa wa kwao na kumilikiwa na wa kwao ni mambo mawili.

Tugeukie nyumba yetu wenyewe, maana hatukuanza kuandika ili tuwaseme makarani peke yao. Ndugu wanachama, ni nani anayekaa na kalamu kila orodha ya viongozi inapotangazwa, akihesabu majina: huyu wao, huyu wetu, huyu wao? Wahesabu kwa majina yasiyoonyesha kitu, kisha wapata jumla, na kwa jumla hiyo wachochea moto. Mwaka 2012 ubishi wa kuuliza dini katika sensa ulifika mahali ambapo baadhi ya Waislamu waliitana wasihesabiwe, wakisema takwimu zinazosemwa juu yao si za haki na dawa ni kuulizwa. Hawakuwa wajinga. Waliona hesabu za uvumi zikitumika dhidi yao, wakataka za kweli. Sisi twaona dawa hiyo ingeongeza ugonjwa, maana fundi wetu angeingizwa katika fungu moja na mafungu mawili yangelalamika yameibiwa. Lakini malalamiko yenyewe yalikuwa na msingi: mtu aliyekwisha kuhesabiwa na wengine kwa jina lake ana haki ya kudai ahesabiwe kwa kinywa chake.

Basi twataka nini? Kwanza tuseme tusichokitaka. Hatutaki kumnyang'anya Mwislamu sharia yake ya mirathi. Mafungu yale yamo katika kitabu chake, naye akitaka mali yake igawiwe hivyo, igawiwe hivyo. (Suala la Mahakama ya Kadhi twaliacha makusudi, lataka ukurasa wake.) Wala hatumtukani mzee wa ukoo, ardhi ya ukoo na kaburi la babu si vitu vya kucheka. Anayetaka mila naye aseme.

Neno letu liko hapo: mwenyewe aseme. Aseme akiwa hai, kwa wosia au kwa tamko lililoandikwa na kushuhudiwa, kwamba mimi nataka sheria hii. Akiisha kusema, mlango ufungwe. Na pale ambapo hakusema, mahakama isianze kumchungulia rohoni kwa kuhesabu Pasaka alizokwenda na Ramadhani alizofunga. Iwepo sheria moja ya nchi, fungu la mjane liwe lile lile, mke wa Petro na mke wa Jumanne na mke wa mtu wa mila, nalo liwe fungu la kweli, si ahadi ya kutunzwa. Siku neno lile kwenye fomu litakapokuwa halibebi shilingi, mtaona misiba itakavyotulia. Atakayebaki akigombea dini ya marehemu atakuwa agombea dini.

Watasema haiwezekani, kwamba nchi yenye dini nyingi haiwezi kuwa na sheria moja katika mambo ya nyumbani. Maneno hayo tuliyasikia zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka ndoa ya Kiislamu, ya Kikristo, ya kimila na ya kiserikali ndani ya kitabu kimoja. Kelele zilikuwako, lakini watu wakaoana na wanaoana. Twaweza kuwaoza kwa sheria moja, lakini wakifiwa twawatuma kwenye milango mitatu! Na si kwamba hatukuonywa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zile kanuni za kimila za mwaka 1963 zinambagua mwanamke, kisha ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua, kwa shauri la wajane wawili wa kwetu hapa, kwamba nchi imevunja ahadi yake. Ni aibu kuambiwa na mgeni habari za chumba chako mwenyewe.

Sheria haitabadilika Jumatatu. Kwa hiyo kila tawi na liwatangazie wanachama wake jambo hili: andikeni wosia. Kwa kanuni za kimila wosia wa maandishi wataka mashahidi wasiopungua wawili kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, na wanne kama hajui; tena mashahidi wasiwe wa ukoo peke yao, awepo na wa nje. Kwa Mwislamu wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na haumwongezei mrithi fungu. Mkristo naye asidhani cheti cha ubatizo ni wosia. Ndani yake andikeni wazi mnataka mzikwe vipi na kwa sheria ipi, na kama mna mbuzi wa tambiko kila mwaka andikeni na huyo, msione haya. Mkeo aujue wosia huo ulipo. Usiufungie katika sanduku ambalo ufunguo wake anao mdogo wako.

Wasomaji walioyapata haya nyumbani mwao watuandikie. Majina yao hatutayachapa, wala dini zao hatutaziuliza.